Meno Rangi ya Ukuta wa Zahanati

Inatangazwa kwa furaha, na kwa wasio na furaha inatangazwa hivyo hivyo, kwamba soko jipya la mboga hapa Morogoro limekuwa soko la kwanza ambalo muuzaji hupimwa rangi ya meno kabla ya mzigo wake kupimwa kilo. Mimi Theresia, mkulima wa kabichi kutoka juu kule Mgeta, ndiye niliyekuwa Mwenyekiti wa Kamati ya Weupe wa Meno ya Wafanyabiashara. Nalisema hili bila kujivuna, maana mtu wa umri wangu akijivuna sana hupata kizunguzungu.

Utauliza, kwa nini mimi? Darasa la tatu lenyewe niliishia mlangoni. Basi nikwambie. Mimi ni kibogoyo. Sina jino hata la kuazima. Bwana Castory, Mratibu wa Mwonekano wa Masoko, aliponiona kwenye mkutano wa wadau nikitafuna maandazi kwa ufizi, akasimama pale pale.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu."

"Bibi, una meno mangapi?"

"Nilikuwa nayo. Yamestaafu."

Akageukia wenzake, uso unang'aa. "Mnaona? Huyu kwenye suala la meno hana mgongano wa maslahi. Ndiye mwenyekiti wetu."

Wakapiga makofi. Nikaletewa maji ya chupa na kiti chenye mikono. Kazi ya umma ilianza hivyo.

Bwana Castory alikuwa mgeni mkoani kwetu. Alihamishiwa hapa kutoka mbali, na alikuja na maono. Alisema wageni wanaokuja kupanda milima ya Uluguru lazima wapite sokoni kupiga picha za nyanya, na ukipiga picha ya nyanya, meno ya muuzaji nayo yanaingia. "Taswira, wajumbe," alisema. "Nyanya yetu ni nyekundu. Jino letu je?" Swali la namna hiyo hupita juu kama ndege, wewe unainama tu.

Ikatungwa sheria ndogo. Naikumbuka kwa moyo, kwa sababu niliipitisha mimi: *Mfanyabiashara yeyote mwenye meno yasiyo meupe hataruhusiwa kuingia sokoni. Kizimba kitasimamiwa na mmiliki au mwenza wake.* Fupi, safi. Bwana Castory alisema sheria fupi ni dalili ya utawala bora.

Ikabaki kujua weupe ni upi. Kamati ikaunda kamati ndogo, kamati ndogo ikaenda duka la vifaa vya ujenzi, ikarudi na kadi ya rangi za ukuta. Vipande vidogo vidogo vimepangwa, kila rangi na jina lake: Maziwa Mgando, Pembe ya Ndovu, Mchanga wa Mtoni, mpaka kule chini Tofali la Kuchoma. Tukajadili sana. Tukakubaliana kwamba jino la muuzaji wa Morogoro lisiwe chini ya Ukuta wa Zahanati, ile nyeupe kuliko zote kwenye kadi. Mjumbe mmoja akauliza kama kuna binadamu aliyewahi kuzaliwa na jino la rangi hiyo. Akaambiwa asiwe mtu wa kukatisha tamaa.

Sasa watu wasio na jino jeupe watalipata wapi? Hapo ndipo akaingia Abdulatif. Huyu ana duka la vipodozi mjini, na alikuwa mjumbe mwenzetu. Alileta boksi. Ndani yake kuna jeli kwenye kibomba, vibao vya plastiki vya kuuma, na taa ndogo ya bluu ya kumulika mdomoni. Unajipaka mwenyewe nyumbani, unauma kibao, unajimulika, unasubiri kuwa mtu mwingine.

"Natangaza mgongano wa maslahi," alisema Abdulatif. "Mimi ndiye ninayeyauza maboksi haya."

Ikaandikwa. Tukampigia makofi kwa uwazi wake, akabaki kitini.

Nisiseme kamati yetu haikufuata utaalamu. Tulimwita daktari wa meno, kijana mpole, tukampa dakika zake baada ya chai. Akasema jeli ile inang'arisha kidogo, ikiwa jino ni lako mwenyewe na limeharibiwa rangi na chai au tumbaku. Lakini ukizidisha inaunguza fizi, na meno yanaanza kuogopa maji baridi. Mwenye jino lililotoboka atibiwe kwanza. Na kuna rangi nyingine zimetoka ndani ya jino, hizo hata ujipake mwaka mzima ni kazi bure. Akasema pia limau na unga wa mkaa, ambavyo watu husugulia, vinalila jino lenyewe.

"Kwa hiyo daktari unasema inang'arisha," alisema Bwana Castory.

"Kidogo, mheshimiwa. Kwa baadhi. Kwa uangalifu."

"Andika," Bwana Castory akamwambia katibu. "Mtaalamu ameunga mkono."

Kisha tukapiga kura. Kura ya kwanza, kama jeli inafanya kazi. Ikapita. Kura ya pili, kama jeli ni salama. Ikapita pia, ingawa daktari alinyoosha mkono kupinga. Akakumbushwa kwamba yeye ni mwalikwa. Nilikuwa sijui kabla ya siku ile kwamba fizi za watu huamuliwa kwa wingi wa mikono. Shule haifundishi kila kitu.

Sasa nina mjukuu, Cecilia. Nimemlea mimi, maana mama yake alitangulia. Mama yake aliuza karoti na kabichi pale pale lilipojengwa soko, enzi zile ni vumbi tupu, amekaa chini juani na gunia limetandikwa. Soko lilipoanza kujengwa, waliokuwa pale waliandikwa kwanza. Cecilia akapata kizimba cha mama yake, hapo mlangoni kabisa, mahali ambapo mteja hawezi kukupita bila kukusalimia. Asipokaa hapo siku ya ufunguzi, kinapewa mwingine. Masharti ya vizimba yalisema hivyo. Halafu arudi kusubiri madalali huko shambani, waje wamtajie bei wanayoitaka wao huku kabichi inaoza miguuni pake.

Na meno yake? Mazuri, imara, anavunjia muwa. Rangi yake ni rangi ya meno. Kwenye kadi yetu yalikaa katikati ya Pembe ya Ndovu na Mchanga wa Mtoni.

"Mke mwenzangu," nilimwambia, maana kwetu bibi na mjukuu wa kike ni wake wenza, utani wetu ndio huo tangu anazaliwa, "usijisumbue. Nitazungumza na kamati."

"Kamati si ndiyo wewe, bibi?"

"Ndiyo. Kwa hiyo najua ilivyo ngumu."

Hakusubiri. Alianza na limau na magadi, kwa kuwa shangazi mmoja alisikia kwenye simu. Akasaga na stroberi za shamba letu wenyewe, akapaka, nzi wakamfuata mpaka kisimani. Akasugua mkaa, akawa mweusi mdomo mzima kama aliyekula sufuria. Mwisho akanunua boksi la Abdulatif. Akauma kibao, akawasha taa ya bluu, akaanza kusonga ugali. Boksi lilisema muda mfupi. Yeye akaona kama muda mfupi unasaidia, mrefu utasaidia zaidi, na ugali ule ulikuwa wa watu wengi.

Alipotoa kibao, fizi zilikuwa nyeupe pe! Meno ndiyo hayakuamua. Hapa jeupe, pale baka, pale kama zamani. Asubuhi akapiga funda la maji ya mlimani, akaruka na kikombe.

"Mamaa! Bibi, maji yanauma!"

"Maji hayana meno, mke mwenzangu."

"Bibi, si wakati wa utani!" Machozi yanamtoka, amejishika shavu. "Na bado hayajawa Ukuta wa Zahanati. Nitafanyaje mimi? Kizimba cha mama kinaondoka hivi hivi?"

Nikashuka mjini. Nikamkuta Bwana Castory ofisini, amekaa mdomo wazi, kibao kimo, taa ya bluu inawaka kama simu inayoita. Alikuwa anajiandaa kwa ufunguzi. Akakitoa, akajifuta mate kwa heshima.

"Mheshimiwa," nikasema, "wananchi wanalalamika. Fizi zinaungua. Wakinywa maji baridi wanalia."

Akafikiri. Huyu mtu alikuwa anafikiri kweli, siwezi kumsingizia. "Bibi Mwenyekiti, suala la maji liko idara ya maji."

"Na maumivu?"

"Maumivu ni kiashiria cha utekelezaji. Tungekuwa hatusikii maumivu, ningeogopa kwamba fedha za mradi zimeliwa."

"Na wale ambao meno yao hayabadiliki?"

"Hao hawana utashi."

Nikamshukuru. Mkubwa akishakueleza vizuri namna hiyo, unabakiwa na shukrani tu.

Siku ya ufunguzi nikavua uenyekiti, nikajifunga kanga, nikashuka na Cecilia na magunia yetu. Getini alisimama Pazi, mgambo, Mluguru mwenzetu, mikononi ana kadi ya rangi. Foleni imezunguka ukuta. Anamwambia mtu, "Cheka." Mtu anacheka. Pazi anaweka kadi karibu na mdomo, anafinya jicho, anasema, "Maziwa Mgando. Kaa pembeni." Pembeni kulikuwa kumejaa. Sijawahi kuona watu wengi vile wakicheka bila furaha.

Ikawa zamu yetu.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mume wangu."

"Cecilia, cheka."

Cecilia akacheka. Pazi akasogeza kadi, akaigeuza, akaigeuza tena. "Dada, hapa pana Ukuta, hapa pana Ndovu, hapa pana Mchanga. Wewe ni nyumba nzima! Samahani, siwezi kukupitisha. Nina watoto."

Cecilia alikitazama kile kizimba, kiko hatua chache tu nyuma ya mgongo wa Pazi, kimepigwa rangi mpya. Nikamwona anameza mate, na hata mate yalimuuma.

Nikauliza, "Mume wangu, sheria inasema kizimba asimamie nani?"

"Mmiliki au mwenza wake, bibi."

"Na mimi huyu Cecilia namwitaje?"

Pazi akanitazama. Akamtazama Cecilia. Nikaona kicheko kinampanda kutoka tumboni, kinafika kooni, anakizuia kwa kofia. Ana bibi yake naye. Akatoa simu, akampigia Bwana Castory, akaiweka sauti nje ili pasiwe na maneno baadaye.

"Mkuu, hapa kuna mwenye kizimba, meno yana mabaka. Lakini yupo mke mwenza wake, anataka kusimamia yeye."

"Mwenza ameainishwa kwenye sheria ndogo," sauti ya Bwana Castory ikasema. "Huyo mwenza ana meno yasiyo meupe?"

Pazi akanigeukia. Nikafungua mdomo wote.

"Hana, mkuu."

"Basi aingie! Unanisumbua kwa mambo ambayo sheria imeshayasema?"

Nikaingia. Nikakaa kwenye kizimba cha mwanangu, nikapanga karoti.

Habari hiyo haikuchelewa. Mwanvita, jirani yangu, bibi wa Kiislamu mwenye ulimi mkali na ufizi laini kama wangu, alikuwa amekuja kumsindikiza mjukuu wake. Akajitokeza: "Na mimi ni mke mwenza!" Nyuma yake mwingine. Wajukuu wakapiga simu majumbani, bodaboda zikashusha mabibi mpaka wa kutoka Mazimbu. Wenye kajino kamoja kalikosazwa wakahuzunika, kwa mara ya kwanza tangu waote meno, kwamba hakakung'oka. Muda si mrefu vizimba vyote vimekaliwa na vibogoyo, tumejaa soko zima, tunatabasamu kama sheria ilivyotaka.

Bwana Castory akafika na msafara, suti mpya, Abdulatif ubavuni. Mgeni rasmi alikuwa ameshatangulia kwa geti la nyuma na ameketi jukwaani. Bwana Castory akachungulia ndani.

"Pazi, hawa akina mama ni nani?"

"Wenza, mkuu."

"Wote?"

"Wote ni wake wenza. Uliruhusu mwenyewe."

Akashusha sauti. "Wana mume mmoja? Humu si wengine Wakatoliki? Padri anajua?"

"Anajua, mkuu," nikamjibu kutoka kizimbani. "Hata yeye bibi yake alikuwa mke mwenza wa dada yake."

Alifungua mdomo aseme kitu, na hapo ndipo Pazi, ambaye alikuwa amepima midomo tangu jua linachomoza na mkono umeshazoea, akaweka kadi.

Meno ya Bwana Castory yalikuwa meupe. Nasema kweli, jeli ilikuwa imejitahidi, na alikuwa haipumzishi. Yalikuwa Ukuta wa Zahanati iliyopigwa rangi jana. Isipokuwa manne ya mbele juu, ambayo yalikaa pale katikati, yenyewe yametulia, ya manjano, kama wageni waliokosea harusi.

"Mchanga wa Mtoni," akasema Pazi kwa sauti ya kazi. Kisha akashtukia alichosema. "Samahani, mkuu."

"Abdulatif!" Bwana Castory akafunika mdomo. "Mbona haya hayakung'aa?"

"Mheshimiwa, jeli haifanyi kazi kwenye meno ya bandia. Imeandikwa kwenye boksi."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Na wewe hukuniambia kama ni ya bandia."

Pembeni, wale waliokataliwa tangu asubuhi wakaanza kucheka, na safari hii hakuna aliyewaamuru. Jukwaani kipaza sauti kikamwita mratibu aje kutoa hotuba. Kikamwita tena. Bwana Castory akanitazama mimi, jasho linamtoka.

"Bibi Mwenyekiti. Toa mwongozo."

Nikafikiri kama yeye alivyonifundisha kufikiri. "Mheshimiwa, una mwenza?"

"Yuko nyumbani. Hawezi kusoma hotuba yangu!"

"Basi sheria inasema mwenye meno yasiyo meupe. Hayo manne yakiwa hayapo, mheshimiwa, mtu atayaitaje si meupe?"

Akageuka ukutani. Tukasikia *tk*. Akamkabidhi Abdulatif kitambaa kilichokunjwa, akapita getini bila kumtazama mtu. Abdulatif akataka kumfuata na kitambaa chake. Pazi akaweka mkono.

"Cheka, kaka."

Abdulatif, ambaye anauza weupe na kunywa kahawa ya kijiweni tangu ujana wake, akacheka kidogo tu.

"Tofali la Kuchoma," akasema Pazi. "Kaa pembeni."

"Lakini nimeshika meno ya mkuu!"

"Nayo nimeshayapima. Hayaruhusiwi."

Hotuba ilikuwa nzuri. "Ndugu dhangu wananchi," alisema Bwana Castory, "thoko hili ni thafi, thoko hili ni thalama, na tabathamu ndiyo thilaha yetu." Mgeni rasmi akainama kumuuliza mtu kitu. Sisi mabibi tulisikiliza kwa makini sana. Ni mara chache mkubwa anasema lugha yetu.

"Huyu naye," akanong'ona Mwanvita, ila Mwanvita hajui kunong'ona, "ni mke mwenza."

Kisha kikaletwa chakula cha wageni: wali, mchuzi, na sinia za nyama ya mbuzi, mbuzi mzee wa milimani aliyeishi maisha ya kupanda na kushuka. Harufu ikatambaa soko zima. Bwana Castory akawekewa sahani iliyojaa, mbele ya mgeni rasmi. Akatia kipande mdomoni. Akakizungusha upande huu. Akakizungusha upande ule. Akakitoa taratibu, akakiweka chini ya wali. Akatazama getini, ambako Abdulatif alikuwa amesimama na kitambaa chake kama mtu aliyeleta pole.

"Padhi!" aliita. "Mruhuthu huyo aingie."

"Mkuu, kadi—"

"Tupa kadi!"

Nikasimama kizimbani. "Mheshimiwa, ikitupwa kwa mmoja imetupwa kwa wote. Au kamati ikae kwanza, tupige kura kuhusu nyama?"

Bwana Castory akachukua kipaza sauti. "Kutokana na mafanikio makubwa," alisema, na hapo naye mgeni rasmi alikuwa ameacha kula ili amsikilize, "kampeni ya weupe wa meno imethitishwa rathmi. Thatha hivi."

Geti likaachiwa. Wakaingia kwa vishindo, wenye Ndovu, wenye Mgando, wenye mabaka. Cecilia akaja mbio, akanisukuma kwa nyonga.

"Ondoka hapo, mke mwenzangu. Unanipangia karoti kichwa chini!"

Akakaa. Mteja wa kwanza alikuwa mke wa mgeni rasmi. Cecilia akamsalimia na kucheka mdomo wote, mabaka na yote, na mama yule akanunua kabichi bila kuangalia jino.

Abdulatif alipita katikati ya umati na kitambaa. Bwana Castory akageuka, *tk*, akawa mtu mzima tena. Akakunja mikono ya suti, akaivuta sinia karibu. Tupu. Akavuta ya pili. Lakini sisi mabibi tulikuwa tumeshapita huko. Kwetu bibi akialikwa penye nyama hali yote, huwafungia wajukuu; na sisi siku ile, kwa sababu za kimaumbile, tulifunga yote.

"Bibi Mwenyekiti," alisema, na *s* zake zilikuwa zimerudi zote, "nyama iko wapi?"

"Imesitishwa, mheshimiwa."

Akachungulia sufuria. "Na humu kumebaki nini?"

"Mchuzi," nikamwambia, nikampa kijiko. "Karibu. Huo hauna ubaguzi."